Aliyeshika Mshumaa

Maiti ya Gaudenzio Rolandi ilikuwa imelazwa kwenye nyasi mbele ya ghala la mvinyo, na kijiji kizima cha Pietrasola kilikuwa kimesimama hatua ishirini nyuma yake, kimya. Hakuna aliyelia kwa sauti. Wanaume walitazama viatu vyao, wanawake walitazama mlango wa ghala. Inspekta Nives Bassetti alikuwa ameona misiba mingi katika miaka kumi na saba ya kazi, lakini umati wenye hofu kuliko huzuni hakuwa ameuona.

Watu wa zimamoto walikuwa wakivua barakoa zao za hewa. Walikuwa wamemtoa chini ya sakafu ya ghala, katika shimo la zamani la mawe ambalo mababu walichachushia zabibu na ambalo siku hizi halitiwi kitu. Juu yake, mapipa kumi na manne yalikuwa yakichemka kwa mavuno ya Oktoba. Hewa inayotoka kwenye zabibu zinazochachuka ni nzito. Hutambaa sakafuni ikitafuta pa kutulia, na pa kutulia ni shimoni. Haina rangi, na mtu akishaihisi puani huwa amechelewa.

"Hewa ukaa," alisema daktari wa polisi, akifunga mkoba wake. "Hakuna jeraha, hakuna alama shingoni. Aliinama, akavuta, akazirai."

"Ilichukua muda gani?"

"Kuzirai, dakika mbili tatu. Kufa, labda robo saa."

Nives alichuchumaa. Mkono wa kushoto wa marehemu ulikuwa na vidole vitatu tu, viwili vilikatwa zamani na mashine ya kukamulia. Kucha za mkono wa kulia zilijaa chokaa. Mmoja wa wazimamoto alimkabidhi kisu cha mfukoni kilichokutwa wazi kando ya maiti, nacho makali yake yalikuwa meupe kwa chokaa.

"Alikuwa anachimbua nini kule chini?" aliuliza.

Mwenyekiti wa chama cha wakulima, Celso Bertagna, mtu mfupi aliyevaa tai ya sufu kana kwamba anakwenda harusini, alisogea na kumshika kiwiko kwa adabu. Alisema ilikuwa ajali, ya kusikitisha, ya kawaida, kila bonde lenye mizabibu lina makaburi ya namna hiyo. Kisha akasema lililokuwa moyoni mwake: kamati ya wizara ingefika kutoka Roma kesho saa nne asubuhi. Kama polisi wangeweza kufunga jalada leo, kijiji kingeshukuru.

Nives alijua habari ya kamati. Bonde zima lilijua. Kwa miaka kumi na moja Pietrasola ilikuwa ikipigania kile ambacho wenyewe walikiita Jina tu, bila neno jingine mbele wala nyuma. Ni hati ya serikali ya kusema kwamba mvinyo wa Pietrasola ni ule tu uliotoka kwenye matuta haya ya mawe, kwa mzabibu huu wao mweusi uitwao brunasca, ambao haupo kwingine duniani. Bila Jina, mvinyo wao ulikuwa mvinyo mwekundu kama mwingine wowote. Nusu ya matuta ilikwisha kumezwa na miiba, na shule ilibaki na watoto watano. Kila mtu pale aliamini kwamba Jina likikosekana kesho, kijiji kitakuwa kimekwisha kabla ya wao wenyewe kufa.

Ndiyo maana waliogopa. Inspekta aliwaelewa, ila hakufunga jalada.

Aliingia ghalani na Koplo Attilio, kijana mkubwa wa mwili aliyependa chakula na kuchukia ngazi. Mapipa yalinguruma taratibu. Mdomo wa shimo ulikuwa katikati ya sakafu, ngazi ya mbao ikiwa imeshuka ndani yake. Nives aliogopa mahali pa chini ya ardhi tangu utotoni na hakuwahi kuona haya kulikiri jambo hilo. Alilala kifudifudi, akamulika tochi. Kwenye kipago cha tatu kutoka juu paliganda matone ya nta, meupe, mapya, mengi. Alimulika chini hadi sakafu ya shimo. Hapakuwa na tone hata moja.

"Mshumaa uko wapi?" aliuliza.

Attilio aliuonyesha. Ukutani, karibu na mlango, kwenye msumari wake, ulining'inia ufito mrefu wenye mshumaa uliofungwa nchani kwa kitawi cha mwerebi, mti wa vitawi laini vinavyopindika bila kuvunjika. Ufito ulikuwa umetundikwa vizuri, umenyooka, kama ulivyotundikwa kila siku, na ndiyo maana hakuna aliyeutazama.

"Kwa hiyo marehemu alishuka," alisema Nives, "akafa, kisha akapanda kuutundika ufito."



*

Delfino Marzoli alikuwa kitandani, mguu wake wa kulia ukiwa ndani ya plasta hadi pajani. Alikuwa na miaka sabini na mbili, na kwa miaka arobaini na moja alikuwa mwitaji wa Gaudenzio. Pietrasola hakuna anayeshuka ghalani zabibu zinapochachuka bila mwitaji wake. Mwenzi huyo huchaguliwa ujanani na mtu hambadilishi. Yule wa chini anafanya kazi, hatazami mshumaa. Mwitaji ndiye anayeutazama, akiwa ameushusha kwa ufito hadi usawa wa magoti ya mwenzake, na kila baada ya pumzi chache anauliza, "Upo?" Mwenzake anajibu, "Nipo." Mshumaa ukififia, mwitaji anapiga kelele, na yule wa chini anapanda bila kuuliza.

"Wanasema alishuka peke yake kwa haraka zake," alisema Nives.

"Wanasema kwa sababu wanataka iwe hivyo." Macho ya mzee yalikuwa mekundu. "Binti yangu, yule mtu alikuwa hashuki hata kuokota kofia bila mimi. Tangu nianguke siku ya kumi leo, hajagusa ngazi ile."

"Basi jana jioni nani alimwitia?"

"Sijui."

"Nani mwingine angemwamini?"

Mzee alivuta blanketi. "Sijui, nimesema. Liache hili, tafadhali. Kamati ikishaondoka, njoo, tutazungumza mpaka uchoke."

Attilio aliuleta ufito uliofungwa kwenye mfuko wa vielelezo. Delfino aliutazama mshumaa, akatazama kitawi cha mwerebi kilivyozungushwa mara tatu na mkia wake kufichwa chini ya mzunguko wa mwisho. Rangi ilimtoka usoni. Huko milimani mizabibu hufungwa kwa mwerebi kila majira ya kuchipua, na kila mkono una ufungaji wake. Mtu hupita kwenye tuta na kusema hapa alifanya kazi fulani, bila kuhitaji kuambiwa.

"Huo ni wangu," alisema haraka. "Nilifunga mimi."

"Lini?"

"Kabla sijaanguka."

"Mzee Delfino, kitawi hiki bado kibichi. Ukikiminya kinatoa maji. Wewe una siku kumi kitandani."

Mzee aligeukia ukuta. Mabega yake yalitikisika, na Nives alimwonea huruma, maana ni dhahiri alikuwa amemtambua mwenye mkono ule na alikuwa akimwogopa, au akiogopa kitakachofuata akimtaja.

*

Celso alihojiwa ofisini kwake, chini ya ramani ya matuta iliyochorwa kwa rangi ili wageni wa Roma waifurahie. Alijipangusa jasho ingawa jiko halikuwa limewashwa.

"Gaudenzio aliomba nini kwako wiki hii?" aliuliza Nives.

"Dakika kumi. Alitaka kusema mbele ya kamati."

"Kusema nini?"

"Alikataa kuniambia. Alisema kwanza ahakikishe jambo." Aliilegeza tai yake. "Inspekta, mimi jana jioni nilikuwa na watu sita tukipaka rangi mlango wa kanisa. Waulize. Usinitazame hivyo."

"Ninavyokutazama ndivyo nilivyoumbwa, Mwenyekiti. Kwa nini hukumbana akuambie?"

"Kwa sababu niliogopa jibu," alisema Celso, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile Nives alimwamini.

Jibu lilipatikana ndani ya koti la marehemu. Ilikuwa barua ya maabara moja ya mimea, iliyokunjwa mara nne, imeanza kuchakaa kwa kusomwa. Gaudenzio alikuwa amepeleka majani ya brunasca yapimwe ili kamati ipate ushahidi wa kisayansi. Maabara ilijibu kwa heshima kwamba mzabibu ule hauna upekee wowote. Ni ule ule unaolimwa kwa maelfu ya hekta kule chini uwandani, ambako huitwa kwa jina jingine na kutengenezewa mvinyo wa bei rahisi wa chupa za plastiki.

Attilio alipiga mluzi. "Kwa hiyo kijiji kizima kina sababu ya kumuua."

"Kijiji kizima, ndiyo. Ila hakumwamini kila mtu kumshikia mshumaa."

Waliingia mashambani. Jua lilikuwa kali juu ya kuta za mawe, na Attilio alihema akipanda ngazi zilizotokeza ukutani, akiomba samahani kwa viatu vyake. Kwenye tuta la Celso, kitawi kilizungushwa mara mbili. Kwa Delfino, mara mbili na fundo. Kwenye tuta la Rolandi walikuta mizunguko mitatu, mkia umefichwa chini, mzabibu baada ya mzabibu hadi mwisho wa ukuta.

"Si ni lake mwenyewe marehemu?" alisema Attilio. "Basi alijifungia mwenyewe."

"Kwa vidole vitatu?" Nives aligusa kitawi. "Jaribu."

Attilio alijaribu, akashindwa, akatukana chini chini. Kutoka tuta la juu, mama mmoja aliyekuwa akichuma aliwauliza kama wanatafuta kazi, maana mikono yao haifai. Nives akamuuliza nani anafunga mizabibu ya Gaudenzio. Mama yule aliacha kutabasamu. Alichukua kapu lake, akaenda upande wa pili wa tuta, akachuma huko.

Haikuwa lazima ajibu. Tuta lilikuwa la watu wawili, kaka na dada.

*

Palmira Rolandi, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa na funguo za ghala. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na mikono ya mjenzi, kwa sababu tangu ujana alibeba mawe ya kuta zile mgongoni. Mumewe, Ivo, alikufa chini ya ukuta uliobomoka akiujenga upya, na siku ya tatu baada ya mazishi Palmira alirudi akaumaliza ukuta ule ule. Asubuhi alikuwa amempa Attilio maelezo mafupi: jana jioni alikuwa chemchemini akiosha kreti. Hakuna aliyemwona huko.

Alama za vidole vyake zilikuwa kwenye ufito, lakini ufito ulikuwa wa ghala na ghala lilikuwa lake kulitunza. Kitawi kingeweza kufungwa asubuhi kwa kazi ya kesho yake. Wakili yeyote angelichana jalada lile kabla ya kumaliza kahawa. Nives aliketi ukutani akafikiri, na kilichomjia kilimtia hofu kuliko yote ya siku ile.

"Attilio, kile alichokuwa anakichimbua bado kiko shimoni."

"Muuaji si angekichukua?"

"Achukue vipi? Nani angemwitia?"

Saa saba, kijiji kilipokuwa mezani kikila polenta, ugali wao wa mahindi, bila hamu, wazimamoto walirudi kimya kimya kwa njia ya nyuma wakapuliza shimo kwa mpira wa hewa kwa nusu saa. Mkubwa wao alimwambia Nives ana dakika chache tu, kwa kuwa mapipa yangelijaza shimo upya. Akampa kipima hewa kidogo cha kutia mfukoni. "Kikitetemeka, usimalize hata sentensi uliyoianza," alisema.

Walipotoka tu, Attilio alijibana nyuma ya pipa la tisa. Nives akamwita Palmira.

Alimwambia anataka kuona marehemu alikuwa akichimbua nini, na kwamba watu wa zimamoto wasingepatikana hadi kesho.

"Utashuka na nani?"

"Nilitaka kukuomba wewe. Naambiwa si vizuri kushuka bila mwitaji."

"Wewe si wa hapa."

"Hofu ninayo kama ya watu wa hapa, Bi Palmira."

Hakuwa akiigiza. Palmira alichukua ufito mwingine kutoka pembeni, akaweka mshumaa mpya, akatoa kitawi cha mwerebi mfukoni mwa aproni. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaficha mkia chini, na vidole vyake vilifanya yote hayo bila yeye kuvitazama. Akawasha kiberiti.

Nives alishuka. Kila kipago kilikuwa na ubaridi wake. Chini, kuta za mawe zilimzunguka kwa karibu hata angeweza kuzigusa zote mbili kwa kunyoosha mikono, na alijilazimisha kupumua kama mtu wa kawaida. Mshumaa ulishuka nyuma yake hadi usawa wa magoti. Kivuli chake kilisimama ukutani mbele yake, kikubwa, kimepanda hadi kwenye dari.

"Upo?"

"Nipo."

Pale kwenye usawa wa kifua, chokaa ilikuwa imekwanguliwa kuzunguka jiwe moja. Gaudenzio alikuwa amebakiza kidogo tu. Nives alitia kisu, akasukuma, jiwe likacheza.

"Upo?"

"Nipo."

Sauti ya juu ilikuwa shwari, ya mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote, na ilitia moyo. Hilo ndilo lililomwogopesha zaidi. Jiwe lilitoka. Nyuma yake palikuwa na kopo la bati lililoliwa na kutu.

"Kuna kopo hapa, Bi Palmira."

Mapipa yalinguruma. Kisha sauti ikaja, polepole kuliko mwanzo.

"Upo?"

"Nipo."

Nives alikuwa ameinama kulivuta kopo alipoona kivuli chake kikishuka. Kiliacha dari, kikateremka ukutani bila haraka, kikapita kifuani kwake, kikapita magotini, kikajikusanya miguuni pake kikawa kidogo kama cha mtu aliyesimama juani adhuhuri. Alikitazama kwa sekunde nzima bila kuelewa. Kisha akaelewa. Taa iliyokuwa nyuma ya magoti yake sasa ilikuwa juu ya kichwa chake, kwenye hewa safi, ikiwaka vizuri.

Mfukoni, kipima hewa kilianza kutetemeka.

Aliruka kwenye ngazi akiwa ameshika kopo kwa mkono mmoja, mguu ukateleza, akapanda tena. Kichwa kilimzunguka. Alipofikia kipago cha tatu kutoka juu, tone la nta ya moto lilimwangukia mgongoni mwa mkono, na jingine, na juu yake aliona uso wa Palmira ukimtazama bila chuki yoyote.

"Upo?" aliuliza Palmira.

Attilio alitoka nyuma ya pipa akamkamata mikono yote miwili. Ufito ulianguka shimoni. Mshumaa uliwaka ukiwa unashuka, na kabla haujafika chini ulizimika.

*

Palmira hakupigana. Aliketi juu ya kreti iliyopinduliwa chini juu, mikono kwenye pingu, na Nives akaketi sakafuni mbele yake.

"Ulimwambia kuna nini shimoni?"

"Kweli tupu. Nilimwambia baba alificha kopo. Nilikuwa mdogo, nilimwona akilipachika ukutani akilia. Gaude alikuwa na barua yake ya maabara, akasema lazima alione kabla ya kamati." Alizungumza taratibu, kama anayesimulia kazi ya shamba. "Nikamwambia Delfino ni mgonjwa, nitakuitia mimi. Alifurahi. Alinibusu hapa."

"Ulijua kilichomo?"

"Nilijua ni aibu. Mtu halii akificha kitu kizuri. Baba alileta mizabibu usiku mmoja kwa mkokoteni, na hatukuruhusiwa kuuliza imetoka wapi. Ilikuwa ya uwandani. Miaka yote hii nimejua, na nimenyamaza, na nimebeba mawe."

"Gaudenzio alisema atawaambia kamati kwamba si ya hapa?"

"Alisema atawaambia ukweli wote utakaokuwamo." Aliinua macho akamtazama Nives. "Nilimsihi. Nilimwambia Ivo alikufa chini ya ukuta ule kwa ajili ya Jina. Vijana wanne wamerudi mwaka huu kwa ajili ya Jina. Akaniambia, Palmira, usiogope. Mtu anakuambia usiogope huku anakubomolea nyumba."

"Ukainua mshumaa."

"Niliuinua. Alikuwa amenipa mgongo. Yule wa chini hatazami."

"Uliendelea kumwita?"

Mapipa yalichemka.

"Niliita hadi mshumaa ulipofika nusu. Tumefundishwa hivyo, haachwi mtu bila kuitwa. Alipoacha kujibu niliita tena na tena. Kisha nikauzima kwa vidole nikautundika."

"Kwa nini uliutundika? Ungeutupa shimoni, mimi nisingekuwa hapa."

Alifikiri, na ilionekana hakuwa amejiuliza. "Huwa unatundikwa," alisema.

Attilio alilifungua kopo kwa kisu chake. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu, imefungwa kwa kitambaa kilichopakwa nta, ikiwa na mhuri wa paroko na mhuri wa kitalu kimoja cha uwandani. Nives aliisoma kimya. Aliirudia. Kwa kitambo alitamani angekuwa hajui kusoma.

"Ni mwandiko wa baba?" aliuliza Palmira. "Imesema imetoka wapi?"

Angeweza kumwambia ni kielelezo, atakisikia mahakamani. Lakini mwanamke yule alikuwa akimtazama, na Nives akasoma kwa sauti.

"Mimi, Ottavio Rolandi. Mwaka wa ishirini na tisa baba yangu alikipa kitalu hiki vipandikizi mia nne vya brunasca kutoka matuta yetu ya Pietrasola, wakavipanda uwandani na kuviita kwa jina lao. Ugonjwa ulipoimaliza mizabibu yetu yote, nilishuka kuomba kilicho chetu. Leo nimeirudisha. Naona haya kwamba tuliiacha ife, na sitaki watoto wajue. Lakini ni ile ile. Imerudi nyumbani."

Palmira aliomba arudiwe mistari ya mwisho. Nives alimrudia.

"Alikuwa anajua?" aliuliza Palmira. "Gaude?"

"Pembeni mwa barua ya maabara ameandika kwa penseli. *Nani alimpa nani?* Alikuwa anashuka kutafuta jibu."

Kichwa cha Palmira kiliinama hadi kikagusa pingu.

Walipomtoa nje, kijiji kilikuwa kimesimama tena pale pale. Delfino alikuwa ameletwa kwenye kiti, mguu wa plasta ukiwa umenyooshwa mbele. Celso alitazama kopo mikononi mwa inspekta, akafungua mdomo kuuliza kuhusu kesho, kisha akaufunga. Karatasi iliyoweza kuwapa Jina sasa ilikuwa kielelezo namba nne katika kesi ya mauaji, na yeyote ambaye angeisoma Roma angesoma pia ilivyopatikana. Watu walifungua njia. Hakuna aliyemtukana Palmira, na hakuna aliyemgusa.

Gari liliteremka kwa kona baada ya kona chini ya kuta alizozijenga Palmira mwenyewe. Attilio aliendesha. Nives alikaa nyuma kando ya mtuhumiwa, kitambaa kibichi kikiwa mgongoni mwa mkono wake palipoungua kwa nta. Alikuwa ametoka shimoni, jua lilikuwa likiingia dirishani, na alidhani hofu imekwisha.

Karibu na daraja, Palmira alianza kusema kwa sauti ya chini. "Gaude, upo?" Akangoja pumzi chache, akiwa ametega sikio, kama alivyofundishwa. Kisha akauliza tena.

Aliuliza hivyo njia nzima hadi mjini, akingoja kila mara, na Nives alikuta kwamba yeye pia, kila mara, alikuwa akisikiliza.